Masuke mengi: okidi arobaini na moja nilizoziua kabla sijajifunza kuzisoma

Mkuyu wenyewe ulikuwa mpakani mwa shamba la mjomba, nje kidogo ya Lushoto, na ulikuwepo kabla mama yangu hajazaliwa. Usiku mmoja wa Aprili 2018, masika yakiwa yamepamba moto, uling'oka na mizizi yake ukalala chini. Nilipofika asubuhi vijana wanne walikuwa tayari wanaukatakata wapate kuni. Matawi ya juu, ambayo tangu utotoni nilikuwa nayatazama kwa kuinua shingo, sasa yalikuwa usawa wa magoti yangu. Yalikuwa yamejaa mimea. Kulikuwa na mashada ya majani manene, vishina vilivyovimba kama vitunguu vidogo, na mizizi myeupe iliyotambaa juu ya gome kama nyuzi za sufi.

"Hivyo virukia beba vyote, mama," mjomba aliniambia. "Ndivyo vilivyoumaliza mti."

Nilibeba magunia mawili. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kwa hiyo nilijua kwamba hivyo si virukia. Kirukia halisi hupenyeza mizizi ndani ya mti na kunyonya maji yake. Okidi ya mtini hukaa tu juu ya gome, ikanywa mvua na umande, ikala vumbi na majani yaliyooza kwenye panda za matawi. Mti kwake ni kiti, si chakula. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo darasani mara nyingi, na bado siku ile nilifanya kinyume chake.

Ninaandika haya kwa sababu kila masika hupigiwa simu na mtu aliyeokota okidi kwenye mti ulioanguka, au aliyenunua shada kando ya barabara, na karibu kila mmoja yuko njiani kurudia kosa langu.

Nyumbani nilihesabu mafungu sitini na manne. Nilinunua viriba, nikanunua samadi iliyoiva, nikachanganya na udongo mweusi wa bondeni kama ninavyofanya kwa miche ya miparachichi. Kila fungu nililizika hadi shingoni na kulimwagilia jioni. Kwa jumla nilitumia shilingi 35,000, na nilijiona nimeokoa kitu. Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Wiki ya sita nilishika kishina kimoja kikaachia mkononi, laini kama ndizi iliyooza, na harufu yake ilikuwa ileile. Hadi Julai, mafungu arobaini na moja yalikuwa yamekufa. Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Baadhi ya mafungu yale yalikuwa makubwa kuliko sinia, na kwa jinsi okidi zinavyokua polepole, huenda yalikuwa na umri wa kunizidi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye miaka ya nyuma alikuwa akiwapeleka wataalamu wa mimea milimani, akiwapandia miti na kuwashushia sampuli. Nilimpelekea viriba vitatu ndani ya kapu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akachukua kimoja, akakigeuza, akauangalia ule udongo kwa muda.

"Mwanangu, hiki hukukitoa ardhini. Mbona umekizika?"

Sikuwa na jibu. Akachana kiriba kwa kisu, akasuuza mzizi kwenye beseni, akaniwekea kiganjani. Sehemu kubwa ilikuwa imegeuka kahawia na utupu ndani, lakini ncha moja ilikuwa hai. Aliniambia niiangalie inavyobadilika. Mzizi ulioingia majini ukiwa mweupe kama chaki ulikuwa umegeuka kijani. Ule weupe ni koti la seli zilizokufa zenye hewa ndani, kama sponji. Mvua ikinyesha, koti hunywa mara moja na kuangaza rangi ya kijani iliyo chini yake, kisha hukauka na kurudi kuwa jeupe. Mzizi wa namna hiyo umeumbwa kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Mimi nilikuwa nimeuweka kwenye udongo usiokauka kwa wiki nyingi mfululizo.

Kisha akauliza swali ambalo hadi leo ndilo la kwanza ninalomuuliza kila anayenipigia: "Hiki kilikuwa kimekaa wapi mtini?"

Sikujua. Magunia mawili, mafungu sitini na manne, na hakuna hata moja nililoandika lilitoka tawi lipi, upande upi, kivulini au juani. Hili lilikuwa kosa kubwa kuliko la udongo. Udongo unaweza kuondolewa, lakini habari iliyopotea gunia linapofungwa hairudi. Mti mmoja mkubwa ni nchi nzima: chini karibu na shina kuna unyevu na giza, katikati kwenye panda nene kuna kuvumwani na mboji, na juu kabisa kwenye matawi membamba kuna jua kali, upepo, na gome tupu linalokauka saa moja baada ya mvua. Okidi ya juu ukiipeleka chini itaoza. Ya chini ukiipeleka juu itaungua.

Mzee akaja nyumbani siku iliyofuata kuyaona mafungu ishirini na matatu yaliyobaki. Alikuwa anasoma mimea kama mtu anavyosoma barua. Alishika fungu moja ambalo vishina vyake vilikuwa vimepandana, kimoja kimeota juu ya mgongo wa mwenzake, na hicho juu ya kingine, mpaka vikafanya mnyororo. "Hii huning'inia. Ukiisimamisha unaitesa." Lingine lilikuwa na vishina vyenye umbo la pia, kila kimoja kikiwa na jani moja tu lililokumbatia kilele chake kwa chini kama shingo ya kanzu. La tatu lilikuwa na majani mawili matatu membamba na suke la mwaka jana lililokauka, na katikati ya mabaki ya maua vilikuwa vimechomoza vijani vyembamba kama nywele za brashi.

Nilidhani ni aina tatu zisizohusiana. Kumbe zote ni ndugu, jenasi moja inayoitwa Polystachya. Baadaye nilizipata majina yake: ya mnyororo ni Polystachya fusiformis, ya jani moja ni Polystachya cultriformis, na yenye nywele ni Polystachya adansonii. Jina la jenasi alilitoa William Jackson Hooker mwaka 1824 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la wingi na lingine la suke la nafaka. Kwa hiyo kwa Kiswahili tungeweza kuziita masuke mengi, na ukiiona ikichanua, na vile vimatawi vya maua vilivyojipanga kileleni, jina linakubali.

Kuanzia hapo nilishikwa. Ni zaidi ya spishi 200 zinazojulikana, na Afrika ndiyo kwao. Nyingine ziko Madagaska na visiwa vya Bahari ya Hindi, chache Amerika, chache zaidi Asia. Moja, Polystachya concreta, imeenea tropiki zote, kuanzia Florida na Karibiani hadi Brazili, Afrika, Sri Lanka na Indonesia. Nilikuwa naitafuta kwenye ramani usiku, nikitumia taa ya simu, na nikashangaa kwamba mmea unaoweza kuukuta kwenye mwembe wa Muheza una jamaa zake wa spishi hiyohiyo upande wa pili wa Atlantiki.

Tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyofanya, na ndiyo ninayoyafanya hadi sasa. Ondoa udongo wote na ukate kila mzizi uliolainika kwa kisu ulichokipitisha kwenye moto, halafu liache fungu likae kivulini, wazi, siku mbili tatu bila tone la maji ili vidonda vifunge. Tafuta kipande cha gome gumu au tawi la mti usiooza haraka. Mimi natumia mwangati, kwa kuwa huku kwetu vipande vyake hupatikana. Weka nyuzi chache za makumbi ya nazi chini ya mizizi, kidogo tu, kisha funga fungu kwa kamba ya katani. Usitumie waya. Nilitumia waya kwenye mafungu manne, upepo ukayatikisa, waya ukakata vichipukizi vipya. Katani huoza yenyewe baada ya mwaka hivi, na kufikia hapo mizizi inakuwa imeshika. Maji mwagilia asubuhi, mmea ukauke kabla ya usiku, na kama unaweza tumia ya mvua. Samadi usiiguse.

Kipande kikifungwa, usikisogezesogeze. Mizizi ya zamani haishiki tena, mipya ndiyo inayoshika, na kila unapokitikisa unaivunja ncha. Miezi minne ya kwanza hakuna utakachokiona na utadhani umeshindwa. Mimi mwezi wa tano niliona ncha moja ya kijani, urefu wa punje ya mchele, imegusa gome. Nilimwita mjomba aje aione. Alikuja, akainama, akasema, "Kumbe inashika tu. Haiingii." Tangu siku hiyo hajaiita kirukia.

Yale mafungu ishirini na matatu, kumi na tisa yalipona.

Kosa lililofuata lilikuwa la kiburi. Mwaka 2019 nilinunua neti ya kivuli kwa shilingi 180,000, nusu yake fedha ya mkopo wa kikundi, na nikaanza kugawanya mafungu yaliyokua. Dada yangu anayekaa Dar es Salaam aliniambia watu huko wananunua okidi kwa bei nzuri. Nikampelekea vipande kumi na viwili kwa basi: kumi vya cultriformis, vyote vya Lushoto, na viwili vya concreta nilivyopewa na mwenye shamba wa Muheza alipokata mti. Kwangu zote zilikuwa Polystachya, kwa hiyo zote zilikuwa kitu kimoja. Nilimpa dada maelekezo ya aina moja kwa zote.

Lushoto ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai tunalala na mablanketi mawili. Cultriformis niliyokuwa nayo ilizoea ukungu na baridi ya usiku. Huko Dar usiku haukupoa, na dada alikuwa anamwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama wanavyofanya wengi mtaani kwao. Ncha za majani zikawa nyeusi, kisha majani yakadondoka moja moja. Miezi mitatu baadaye zote kumi zilikuwa zimekwisha. Concreta zote mbili zilikuwa hai, na moja ilikuwa na suke lenye maua ya njano iliyofifia.

"Dada, hizi mbili zina nini?" aliniuliza kwenye simu. Zilikuwa na wazazi waliozoea joto, hilo tu. Jina la jenasi linakuambia ukoo, halikuambii makazi. Ndani ya ukoo huu kuna wanaoishi kwenye misitu ya ukungu, kuna wa pwani, kuna wa miamba inayowaka jua, na kila mmoja mwili wake umekubaliana na pale alipo. Kishina kinene maana yake kuna kiangazi cha kuvuka, kwa hiyo kuna miezi ambayo mmea unataka kuachwa mkavu. Jani jembamba na laini maana yake kuna kivuli. Siku hizi sitoi okidi ya milimani kwa mtu wa pwani, hata akinilipa mara mbili.

Kuzitambua nako kulinigharimu muda. Mara ya kwanza cultriformis iliponichanulia niliipiga picha ishirini. Nilipozitazama niliona ua limekaa kinyume na okidi zote nilizoziona vitabuni: mdomo wa ua, ile petali pana ambayo kwa kawaida huwa chini kama kibaraza, ulikuwa juu kama paa. Nikadhani nimeishika simu vibaya. Nikazigeuza picha zote, nikawatumia watu wawili wenye ujuzi. Wote wakanirudishia majina yasiyo sahihi, na lilikuwa kosa langu. Okidi nyingi huzungusha kikonyo cha ua wakati wa tumba ili mdomo ushuke chini. Polystachya, karibu zote, hazizungushi. Ndiyo alama yao ya kwanza. Alama ya pili ni kidevu: sepali mbili za pembeni, yale majani ya nje ya ua, huungana kwenye kitako cha ua na kufanya kifuko kilichochomoza, na ua zima likafanana na kofia iliyofunikwa.

Alama nyingine niliipata baada ya kulea kwa mwaka mzima fungu moja ambalo nilikuwa nimelibandika jina la Polystachya, kumbe ni Bulbophyllum, jenasi nyingine kubwa ajabu yenye spishi kama 2,000, ambayo maua yake mengi huita nzi badala ya nyuki. Ukiwa na shaka, angalia suke linatokea wapi. Kwa Polystachya hutoka kileleni, juu ya shina, katikati ya majani. Kwa Bulbophyllum huchomoza chini, ubavuni mwa kitako cha kishina. Huhitaji darubini wala cheti kuliona hilo. Piga picha tatu, ya mmea mzima pale ulipokaa, ya suke linapotokea, na ya ua kwa ubavu, na usizigeuze.

Lenzi ya mkono niliinunua baadaye na ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Asubuhi moja ya Machi, jua limeingia kwa ubavu wa neti, niliweka lenzi kwenye ua la adansonii. Lilikuwa dogo, nusu ya ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Juu ya mdomo kulikuwa na unga, unga kabisa, kama sembe iliyomwagika kwenye meza. Nilidhani ni ukungu wa ugonjwa na nikaanza kuwaza dawa. Wakati bado natazama, nyuki mdogo, mwembamba, asiyezidi punje ya mchele, akatua, akajiingiza chini ya lile paa, akaanza kuukwangua ule unga kwa miguu ya mbele. Alipotoka kinyumenyume alikuwa na kijibonge cha njano kimebandikwa mwilini. Akaruka hadi ua la pili.

Nilikaa pale mpaka kengele ya shule ikalia mbali. Ule unga si ugonjwa na si chavua. Ni vinywele vya mdomo wa ua vinavyokatikakatika, na wataalamu wanauita chavua bandia. Spishi nyingi za jenasi hii zinao. Chavua yenyewe okidi huifunga kwenye kibonge kimoja na kumpachika mgeni kwa mkupuo, kwa hiyo haina ya kugawa. Humpa nyuki unga huu badala yake. Kama ningenyunyiza dawa asubuhi ile, ningewaua wale nyuki na nisingepata tunda hata moja.

Matunda yalikuja, vibweta vya kijani vyenye mistari, na ndipo nikafanya kosa jingine, ambalo ni la matumaini. Kibweta kilipopasuka, mbegu zilitoka kama moshi. Ni nyepesi mno, ndiyo maana upepo unaweza kuzibeba mbali. Nikawaza: maelfu ya mbegu, maelfu ya miche, deni la neti limekwisha. Nikazipaka kwenye magome, kwenye makumbi, kwenye mkaa uliolowekwa. Nikasubiri miaka miwili. Haikuota hata moja.

Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula. Hindi lina wanga wa kumlea mche mpaka atoe jani, lakini mbegu ya okidi ni kiinitete kilichovikwa ngozi tu. Msituni huota pale inapokutana na kuvu anayeifaa, akaingia ndani yake na kuilisha. Asipokuwepo, hufa. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba inawezekana kuziotesha bila kuvu, kwenye chupa safi isiyo na vijidudu yenye sukari na madini, na hiyo ndiyo njia ya wanaozalisha okidi kwa wingi hadi leo. Lakini inataka maabara, na mimi nina jiko la mkaa. Ukitaka mimea zaidi nyumbani, gawanya fungu, uache angalau vishina vitatu vinne pamoja, na usifanye hivyo mpaka liwe kubwa kweli. Kipande cha kishina kimoja kitakaa miaka bila kuchanua.

Mwaka 2020 mtu wa Ulaya aliniandikia akitaka mafungu sita, akatuma na malipo ya awali. Nilikuwa nimeshatafuta boksi. Bahati yangu nilipita kwanza kumuuliza afisa misitu. Okidi zote duniani zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na kuzivusha mpaka bila vibali ni kosa hata kama uliziokota kwenye shamba la mjomba wako. Na ndani ya hifadhi za misitu, hata tawi lililoanguka lenyewe huruhusiwi kulichukua bila ruhusa. Nilirudisha fedha zote. Nilibaki na deni la kikundi, nikalilipa kwa mshahara kwa miezi kumi na moja. Uliza kwanza, kabla hujapokea senti ya mtu.

Kosa lililobaki ndilo zito kuliko yote.

Kuna kilima cha mawe, jina lake silisemi, ambapo mzee alinipeleka kuona Polystachya ya aina tofauti na zote nilizokuwa nazo. Juu kule hakuna msitu. Kuna mwamba mtupu unaochoma nyayo, na kwenye nyufa kumesimama Xerophyta, mmea wenye shina lililovikwa nyuzi za majani yake ya kale kama mkono uliofungwa kamba. Kiangazi majani yake hukauka ukadhani umekufa, mvua ikija hurudi kijani. Zile nyuzi hushika umande. Na juu ya mashina hayo, yakiwa yameng'ang'ania nyuzi kwa mizizi, yalisimama mafungu ya Polystachya dendrobiiflora, vijiti vyembamba kama mianzi ya mtoto, havina jani hata moja, na kileleni vimejaa maua ya waridi hafifu. Ukavu wote ule, jiwe lote lile, na maua. Tulihesabu mafungu arobaini na mawili. Mzee alivua kofia.

Nilipiga picha na jioni nikaziweka mtandaoni, na nikaandika jina la kilima na njia ya kupanda, kwa furaha tu, nikitaka watu wajue tulicho nacho.

Tuliporudi baada ya wiki saba, mashina mengi ya Xerophyta yalikuwa yamekatwa kwa panga, yamebaki visiki. Waliokuja hawakuhangaika kuzibandua okidi, walikata kiti na mwenye kukaa. Mmea ule ukiutoa kwenye mwamba wake na kuutia kwenye chungu kivulini, hauna maisha marefu. Mzee hakunilaumu. Alizunguka kimya, akigusa visiki kimoja kimoja, na mimi nikamfuata nyuma nikishindwa kupumua vizuri. Hadi sasa likinijia usiku naamka.

Niliifuta picha, lakini picha ikishatoka haifutiki. Kwa hiyo ninyi mnaopenda mimea hii: msiandike jina la mahali. Zimeni mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha yenyewe hubeba alama za eneo bila ninyi kujua. Mkitaka kumpa mtafiti taarifa, mpeni moja kwa moja, mkononi. Wilaya inatosha kwa wengine wote.

Mwaka jana mwishoni mwa kiangazi tulipanda tena, mzee akiwa na fimbo sasa, tukipumzika kila hatua mia. Tulichukua daftari, tukaandika kila fungu: upande wa mwamba, urefu wa shina lililolibeba, idadi ya vijiti, lina ua au halina. Tulipata tisa. Matatu kati yake yalikuwa machanga, vijiti viwili vitatu tu, yameota kwenye mashina ambayo mara ya kwanza hayakuwa na kitu. Mzee alichuchumaa mbele ya dogo kuliko yote, akanionyesha mizizi yake miwili imepita katikati ya nyuzi, myeupe. Tukalimwagia maji kidogo ya chupa, ikageuka kijani.

Simu nilikuwa nimeiacha kwa mama lishe, chini barabarani.